Kikomo cha Mwendo Kilivyoyahamisha Mashindano ya Boti Windermere



Leo tuziweke kando mbegu na chanjo za kuku. Tangu uanze mjadala wa sheria ndogo ya mwendo wa boti karibu na mialo yetu, simu yangu haipumziki. Akina mama wanaoanika dagaa wanataka kikomo, kwa sababu wimbi la boti linapanda hadi kwenye mchanga walipoanika. Wenye nyavu nao wanakitaka. Wanaovusha ndizi na abiria wanasema watachelewa gulio. Na vijana wanaoshindanisha boti zao siku za sikukuu wana swali moja tu: je, sheria hii ikipita, mashindano ndiyo basi?

Kujibu kwa kubahatisha sipendi. Lakini najua ziwa moja, mbali na hapa, ambako swali hilohilo lilibishaniwa kwa miaka mingi na likapata jibu. Nawasimulia historia yake kwa sababu ina mambo ambayo wengi wetu hatuyafikirii tunapokaa kwenye mkutano wa kijiji na rasimu mkononi.

Ziwa lenyewe

Ziwa hilo linaitwa Windermere, liko kaskazini-magharibi mwa England. Ndilo ziwa la asili kubwa kuliko yote ya England, lakini mtu aliyezoea Ziwa Victoria ataliona kama bwawa: urefu kama kilomita 17, na upana haufiki kilomita mbili. Reli ilifika hapo mwaka 1847, na tangu wakati huo watu wa miji ya viwanda wamekuwa wakienda kupumzika. Mwaka 1951 eneo lote la maziwa na milima likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Msidhani ni hifadhi kama Serengeti. Ndani yake kuna vijiji, maduka, hoteli na wafugaji wa kondoo ambao familia zao ziko hapo miaka na miaka. Ziwa linatumiwa na kila mtu: meli za watalii, wenye tanga, wavuvi wa ndoana, wapiga makasia, waogeleaji. Tena kisheria maji ya Windermere ni njia ya umma, kama barabara, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuamka asubuhi na kuwafungia wenzake. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu ndilo lililowafanya watunga sheria wachague njia waliyoichagua.

Mbio zilivyoingia

Boti za injini zilipoanza kuwa na nguvu, maziwa haya yakawa uwanja. Maji yake yametulia, milima inazuia upepo, na barabara nzuri inafika hadi ufukweni. Kufikia miaka ya 1920 Windermere ilikuwa na klabu yake ya boti za injini.

Tarehe 13 Juni 1930 Sir Henry Segrave, aliyekuwa tayari anashikilia rekodi ya dunia ya mwendo wa gari, alileta Windermere boti iitwayo Miss England II. Alifikisha maili 98.76 kwa saa, yaani karibu kilomita 159, ikawa rekodi mpya ya dunia ya majini. Hakuridhika. Akarudi kwa mzunguko mwingine, na boti ikapinduka. Wengi wanaamini iligonga gogo lililokuwa limezama nusu. Segrave alifariki siku ileile, na mmoja wa mafundi wake wawili naye akafa.

Miaka tisa baadaye, Agosti 1939, Sir Malcolm Campbell aliweka rekodi ya maili 141.74 kwa saa kwenye ziwa jirani la Coniston. Mwanawe, Donald Campbell, akaendeleza kazi ya baba. Mwaka 1955 akiwa na boti ya injini ya jeti, Bluebird K7, alivuka maili 200 kwa saa kwenye ziwa la Ullswater, kisha akavunja rekodi yake mwenyewe mara kadhaa pale Coniston. Tarehe 4 Januari 1967, Coniston tena, alikuwa amepita maili 300 kwa saa, karibu kilomita 480, boti ilipoinua pua, ikaruka na kujipiga kwenye maji. Mwili wake ulipatikana mwaka 2001 tu, baada ya wapiga mbizi kuipata boti.

Nimesimulia vifo hivi kwa makusudi. Mtu angedhani ndivyo vilivyoleta sheria. Hapana. Mashujaa walijengewa kumbukumbu, na mbio zikaendelea. Miaka mitatu baada ya kifo cha Campbell, mwaka 1970, Windermere ikaanzisha Wiki ya Rekodi, tukio la kila mwaka ambako mtu wa kawaida mwenye karakana na boti yake aliweza kuja kupimwa mwendo. Mwaka 1980, Fiona Gore, mwanamke aliyekwisha kutimiza miaka 60, alivuka maili 100 kwa saa kwenye ziwa hilo. Hayo yalikuwa mashindano ya wenyeji hasa: mafundi, wenye gereji, watu wanaotengeneza boti kwa mikono yao.

Sheria ilitoka wapi, basi?

Ilitoka kwa watu wa kawaida wa Jumamosi na Jumapili. Kuanzia miaka ya 1960 boti za fiberi na injini za kufunga nyuma zikawa rahisi kununuliwa. Mchezo wa kuvutwa na boti huku umesimama juu ya mbao ukaenea. Ziwa lilelile lililokuwa na boti chache za kasi likajaa, na wote walitaka kuwa majini siku moja, saa moja, wakati wa joto. Mwogeleaji na mtoto kwenye mtumbwi wakajikuta wanapishana na chombo kinachokwenda kama gari la barabara kuu.

Bunge lilikuwa limeshatoa nyenzo. Sheria ya mwaka 1968 kuhusu maeneo ya mashambani iliziruhusu mamlaka za hifadhi kutunga sheria ndogo za vyombo vya majini kwenye maziwa yaliyo ndani ya hifadhi, kwa masharti: lazima waziri aidhinishe, na wananchi wapewe nafasi ya kupinga. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 maziwa mengine matatu, Derwentwater, Coniston na Ullswater, yakawekewa kikomo cha maili 10 kwa saa. Hiyo ni kama kilomita 16, mwendo wa baiskeli ya mtu asiye na haraka.

Matokeo yake mfugaji atayaelewa upesi. Ukifunga malisho matatu kati ya manne, ng'ombe wote watahamia lile la nne. Boti za kasi zikajikusanya Windermere, na ugomvi uliokuwa umegawanyika kwenye maziwa manne ukawa kwenye ziwa moja. Mimi naona hapo ndipo palipofanyika kosa la mpango: kila ziwa liliamuliwa peke yake, na hakuna aliyeuliza watakaofukuzwa wataelekea wapi. Sisi tukiweka kikomo mwalo mmoja na kuuacha wa jirani wazi, tutaona hayohayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya hifadhi ikapeleka pendekezo la kikomo kilekile kwa Windermere. Likafuata shauri la hadhara mbele ya mkaguzi aliyeteuliwa na serikali. Waliotaka kikomo walisema ni usalama na utulivu: ziwa jembamba haliwezi kubeba mwendo wa kilomita 80 na mwogeleaji kwa pamoja. Waliopinga, wakiwamo wauza boti, wenye gati, klabu na baadhi ya hoteli, walisema ajira zitapotea, na kwamba ziwa linaweza kugawanywa kwa maeneo au kwa saa badala ya kulifunga.

Hoja ya kugawa haikuwa ya kipuuzi. Ila inahitaji upana. Chukueni ziwa la kilomita moja na nusu, toeni ukanda wa ufukweni kila upande, toeni njia ya meli za abiria na visiwa, halafu mpime kinachobaki kwa boti inayokata mita 20 kila sekunde. Kwenye Ziwa Victoria hesabu ni tofauti kabisa. Sisi tunao upana, kwa hiyo hoja ya kugawa maeneo kwetu ina uzito kuliko ilivyokuwa kwao.

Mwaka 1996 waziri alikataa pendekezo. Serikali ikabadilika, jambo likarudishwa mezani, na mwaka 2000 waziri mwingine akaidhinisha. Lakini sheria haikuanza kesho yake. Walitoa miaka mitano. Kikomo kilianza kutumika tarehe 29 Machi 2005.

Miaka mitano! Hapa kwetu nimeona sheria ndogo inabandikwa kwenye mti Jumatatu na faini zinaanza Ijumaa. Mtu aliyekopa kununua injini ya farasi 40 hawezi kuibadilisha kwa siku nne. Windermere, mwenye duka la boti za kasi alikuwa na muda wa kumaliza stoo yake, kubadilisha biashara au kuhamia pwani. Wengi walilalamika hata hivyo, na wapo walioumia kweli. Lakini hakuna aliyeweza kusema alishtukizwa.

Namba moja tu

Sasa tuje kwenye mashindano, maana ndiyo swali la vijana.

Hakuna kifungu kilichosema kuwa mashindano ya boti yamepigwa marufuku Windermere, na mchezo wa kuvutwa nyuma ya boti nao haukutajwa. Kilichoandikwa ni namba: maili 10 kwa saa. Ila mchezaji wa kuvutwa hawezi kusimama juu ya maji kwa mwendo huo, anazama. Na boti ya mashindano imeumbwa ipande juu ya maji na kuteleza; kwa mwendo wa baiskeli inajikokota kama gunia la viazi. Namba moja imemaliza vyote viwili bila kuvitaja.

Linaloniuma kidogo ni hili. Siku ya mashindano ndiyo siku ambayo ziwa lilikuwa na ulinzi kuliko siku zote. Kwenye Wiki ya Rekodi boti hazikimbizani kiholela. Kila moja huingia peke yake kwenye njia iliyopimwa ya kilomita moja, na anayetafuta rekodi hupita kwenda na kurudi, ukachukuliwa wastani wa safari mbili ili upepo usimsaidie. Kuna boti za uokoaji zinazosubiri, kuna waganga, kuna wakaguzi wanaokagua chombo kabla hakijagusa maji. Dereva huvaa kofia ngumu na jaketi okozi, na mwilini amefungwa kamba ya kuzimia injini. Hatari iliyosababisha sheria ilikuwa ya mtalii wa Jumapili ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo. Lakini namba haichagui.

Kamba hiyo niisemee kidogo, maana ni ya maana kwetu kuliko rekodi zote. Ni ile kamba iliyojikunja kama waya wa simu ya zamani, mara nyingi nyekundu, inayokuja na injini nyingi za kufunga nyuma. Upande mmoja unachomekwa kwenye swichi, upande wa pili unafungwa kwa nahodha, mguuni au kiunoni. Akirushwa majini, kamba inachomoka na injini inazimika. Isipokuwepo, boti isiyo na mtu huanza kuzunguka, na pangaboi humrudia aliyeanguka. Kwenye mashindano huruhusiwi kuondoka bila kuifunga. Kwenye mialo yetu nimeikuta imefungwa moja kwa moja kwenye injini, au inatumika kufungia dumu la mafuta. Ndugu nahodha, ifunge mwilini. Ikipotea nunua nyingine, bei yake hailingani na mguu wako.

Coniston walifanyaje

Waandaaji wa Wiki ya Rekodi wangeweza kukata tamaa mwaka 2005. Badala yake walivuka mlima mmoja tu kuelekea magharibi na kwenda Coniston, ziwa la kilomita nane, lenye kikomo kilekile cha maili 10.

Ndiyo, kikomo kilekile. Tofauti ni kwamba Coniston walipewa msamaha: kwa siku maalumu na kwa shughuli hiyo tu, mamlaka ya hifadhi inasimamisha kikomo. Wiki hiyo hufanyika mwanzoni mwa Novemba. Wakati huo baridi imeingia, watalii wamepungua, waogeleaji ni wachache, ndege hawako kwenye viota. Kijiji cha Coniston, ambacho Novemba kingekuwa kimelala, kinapata wageni wa kulala, wa kula na wa kunywa chai. Anayevuka maili 100 kwa saa hupewa nyota ya dhahabu ya K7, klabu iliyoanzishwa na Donald Campbell mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana ni kwamba inategemea kilichoandikwa. Rasimu ikiwa na kikomo bila kifungu cha msamaha, basi hata mbio za sikukuu zilizoandaliwa vizuri, zenye boti ya uokoaji na ruhusa ya mtendaji, zitakuwa kosa. Ikiwa na kifungu kinachosema nani anaweza kutoa msamaha, kwa siku ngapi, kwa masharti gani na maombi yapelekwe muda gani kabla, mashindano yana pa kuishi. Na kifungu cha namna hiyo huombwa kabla sheria haijapita. Kwa utaratibu wetu halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu wa kijiji unatoa maoni, kisha halmashauri ya wilaya inaidhinisha. BMU nao wana nafasi ya kusema. Ukija kulalamika baada ya hapo, utakuwa unaongea na polisi na si na mtunga sheria.

Na msije na maneno matupu. Njooni na ramani ya njia mnayotaka kutumia, mkionyesha iko mbali kiasi gani na nyavu na mahali watoto wanapoogelea. Semeni nani atakuwa kwenye boti ya uokoaji. Semeni jaketi okozi ziko ngapi na zimekaguliwa na nani. Chagueni siku ambayo si ya gulio na mwezi usio wa mavuno makubwa ya dagaa. Coniston hawakupewa Novemba kwa bahati. Mwezi huo hauwakwazi wengi.

Windermere yenyewe baada ya 2005

Wapo wanaoniuliza kama ziwa lilikufa kibiashara. Halikufa, ila wateja walibadilika. Walinzi wa ziwa walianza doria za kupima mwendo, na waliokaidi wakafikishwa mahakamani. Mwaka 2008, miaka mitatu baada ya kikomo, likaanzishwa shindano kubwa la kuogelea, Great North Swim, ambalo limekuwa likileta maelfu ya waogeleaji. Shindano kama hilo si rahisi kulifikiria kwenye maji yaliyojaa boti za kasi. Lakini aliyekuwa akiuza injini hakuwa lazima ndiye aliyeuza miwani ya kuogelea. Mtu akikwambia uchumi ulifidiwa, muulize wa nani.

Halafu mwaka 2010 shindano hilo la kuogelea likaahirishwa. Sababu haikuwa boti. Ilikuwa mwani wa rangi ya kijani-buluu, ule unaostawi maji yakipata virutubisho vingi kutoka majitaka na mashambani, na ambao unaweza kumdhuru mtu na mbwa. Siku hizi ugomvi mkubwa wa Windermere ni majitaka, wala si mwendo. Kikomo kilitengenezwa kwa ajili ya mgongano, kelele na mawimbi, na kwa hayo kimefanya kazi. Usafi wa maji unahitaji sheria nyingine na fedha nyingine. Nalisema hili kwa sababu kwenye mkutano uliopita nilisikia mzee mmoja akitarajia kuwa kikomo cha boti kitarudisha samaki. Hapana, mzee wangu. Kitapunguza nyavu kukatwa na watu kugongwa. Samaki ni habari ya nyavu za matundu madogo, na mwani ni habari ya mbolea na vyoo, nayo nitaiandika makala yake.

Kule Coniston, Wiki ya Rekodi bado inaendelea kwa utaratibu wa msamaha. Saa za ruhusa zikiisha, kikomo kinarudi palepale, na boti iliyopita kwa kilomita 160 kwa saa, ikitaka kurudi gatini kwa injini yake, inakwenda kwa kilomita 16 kama boti ya mvuvi.